Mlinda Maji Asiyegusa Mrija

Mukandori alikuwa hajanawa uso, na tayari watu watatu walikuwa wamesimama uani kwake kumshtaki Vénuste. Wa kwanza alisema Vénuste amemfungia maji wakati mpunga wake bado una kiu. Wa pili alisema amemsalimia Vénuste mara nne tangu Jumatatu na hakujibiwa hata mara moja. Wa tatu hakuwa na kesi yake mwenyewe, alikuja kusikiliza za wenzake. Mukandori aliwatazama mswaki ukiwa mdomoni, akajiuliza alimkosea Mungu wapi hata akapewa uenyekiti wa maji.

Hakuna aliyemlazimisha, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alinyoosha mkono mwenyewe katika mkutano wa ushirika, siku ambayo wanaume wote walikuwa wanatazama viatu vyao. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Alikuwa amezaliwa Luvungi, upande wa Congo, ng'ambo ya mto Rusizi, kwa wazazi waliokimbilia huko kabla yeye hajazaliwa. Baba yake alilima mpunga, na Mukandori alijua kufukuza ndege shambani kabla hajajua kuhesabu. Mwaka 1995 alirudi Rwanda. Watu husema alirudi, ingawa kabla ya hapo hakuwahi kuikanyaga nchi hiyo hata siku moja. Alikuja na mume, watoto watatu na sufuria mbili, wakapewa jaruba katika bonde la Bugarama, mkiani kabisa mwa mfereji, mahali ambapo maji hufika yamechoka. Mwaka 1998 vita vikawaka tena kule Congo, mume wake akavuka na jeshi, na mwaka uliofuata akaletewa barua. Aliilia mchana mmoja. Kesho yake ilikuwa siku ya kupalilia, akaenda kupalilia.

Mwaka huu wa 2000 alikuwa na miaka thelathini na minane, sauti iliyokauka kwa kugombana, na jina la Maman Prezida. Wengine walimwita hivyo kwa heshima, wengine kwa sababu walitaka maji.

Mambo ya maji pale si magumu kueleza. Mfereji mkubwa unatoka mtoni na una milango saba ya mbao, kila mmoja na mnyororo na kufuli. Kila shamba lina zamu yake. Wenye mashamba ya kichwani huanza, wa mkiani humaliza, na mwenye ufunguo ndiye anayeamua kama wa mkiani watakuta maji au matope. Kwa miaka mitatu ufunguo huo ulikaa shingoni mwa Damascène.

Sasa, Damascène hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Alikuwa mtu wa watu. Alijua majina ya watoto wako na ya mbuzi wako. Ukimpelekea kibuyu cha pombe jioni, mlango wako ulilala wazi mpaka asubuhi, maana mkono mtupu haulambwi. Hakuweza kumnyima mtu aliyesimama mbele yake akimtazama, na watu wa mkiani walisimama mbali. Msimu wake wa mwisho mpunga wa mkiani ulikauka ukiwa umebeba mimba. Mukandori alivuna makapi. Jirani yake, mjane mmoja mzee aitwaye Nyirarukundo, hakuvuna hata makapi, akaishi kwa viazi vitamu vya kuomba.

Vénuste alikuwa na miaka thelathini na miwili na aliishi na mama yake, Nyiraneza, karibu na mlango wa tatu. Mwaka 1994 wao nao walivuka mto, wakaenda kwenye makambi ya Congo, wakarudi mwishoni mwa 1996. Kwa hiyo yeye na Mukandori walipita mto uleule, mmoja akija, mwingine akienda. Bugarama mambo hayo watu hawaulizani, wanaulizana habari za mbegu.

Kazi zilikuwa zimemshinda Vénuste, au yeye alizishinda, sijui. Kwenye mashine ya kukoboa mpunga kelele ilimfanya azibe masikio kwa mikono miwili, gunia likaanguka. Ghalani alipangua magunia yote mchana wa jua kali kwa sababu midomo yao haikutazama upande mmoja. Kwenye shule moja alipewa ulinzi, na mkuu wa shule akamwambia kengele ikilia asipite mtu. Siku iliyofuata mkuu wa shule mwenyewe alichelewa. Alisimama nje ya lango na mkoba wake mpaka saa ya mapumziko, watoto wakimchungulia. Bonde zima lilicheka wiki nzima, Vénuste akafukuzwa, na mpaka leo hajaelewa kosa lake. Aliambiwa mtu asipite, na mtu hakupita.

Basi ilikuwaje Mukandori akampa mtu huyo ufunguo? Kwa hasira tu. Asitokee mtu kusema ilikuwa hekima.

Siku hiyo wanaume watatu waligombana kwenye mlango wa nne, majembe mikononi, naye amesimama katikati kama mpumbavu. Vénuste akaja anatembea kando ya mfereji, kama alivyotembea kila siku bila kutumwa na mtu. Akasimama, akawapa mgongo, akayaambia maji:

"Inapotea. Mulango ya tatu, tundu mbili ya kaa. Chini ya mukaratusi, tundu ya fuko. Nusu ya maji inaendaka kwa majani bure."

Walikwenda wakachimba. Matundu mawili ya kaa yalikuwepo, na la fuko lilikuwepo, kubwa la kuingiza mguu.

"Tangu wakati gani unajua?" Mukandori alimuuliza.

"Tangu musimu ile ingine."

"Na juu ya nini haukusema?"

"Hakuna muntu aliuliza."

Mukandori alitamani kumpiga mtu na hakujua amchague nani. Alimgeukia Damascène, aliyekuwa amesimama pembeni akitazama, akamvua ufunguo shingoni, akamkabidhi Vénuste.

Wiki ya pili maji yalifika mkiani, safi, yakipiga kelele kama watoto waliotoka shule. Mjane Nyirarukundo alisimama ndani yake na sketi yake akiwa ameikunja, akacheka peke yake. Huo ulikuwa upande mzuri. Upande mwingine ulianza kuja uani kwa Mukandori kila asubuhi.

Kwanza, Vénuste hakuamini saa za mkono, kwa sababu aliwahi kuona mbili ambazo hazikupatana. Alichomeka kijiti kwenye kila mlango na kuchora alama chini, na kivuli kikigusa alama, alifunga. Alifunga hata kama ulikuwa katikati ya neno, hata kama wewe ni mchungaji wa kanisa. Siku za mawingu alihesabu hatua zake. Ukimwambia akufungulie kidogo, alikuuliza, "Kidogo ngapi?" na hakuwa anakutania, alitaka jibu. Hakumpa mtu mkono. Hakuuliza habari za nyumbani. Alikuja nyumbani kwa Mukandori watu wakiwa wanakula, akasimama mlangoni bila hodi, akasema "Panya, mulango ya tano," akaondoka.

Halafu siku moja alimfungia Mukandori mwenyewe. Udongo wa jaruba lake ulikuwa umepasuka, na maji yalikuwa ndiyo kwanza yamefika katikati.

"Maman, zamu yako imeisha."

"Vénuste, ngojea kidogo tu. Angalia, haijafika kule."

"Zamu imeisha."

"Ni miye njo nilikupa hii kazi!"

"Ndiyo, Maman," alisema Vénuste kwa adabu kabisa, akashusha ubao, akapiga kufuli, akaenda zake akihesabu. Mukandori alibaki kwenye tope akimtukana yeye na ukoo wake mpaka kizazi cha tatu. Jioni alipopita kwa mjane akakuta maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Hakumsamehe Vénuste, ila alinyamaza.

Kidogo kidogo, kwa uchovu zaidi kuliko kwa mapenzi, alijifunza namna ya kufanya naye kazi. Aliacha kusema kidogo na sana, akawa anasema vidole vitatu, vidole vinne, na Vénuste alipima kwa vidole akaridhika. Zamu ikibadilika, alimwambia jana yake, maana akiambiwa siku hiyohiyo alikuwa anapanda na kushuka mfereji mzima akijipiga pajani. Mkutanoni alitangaza kwamba mwenye malalamiko aje kwake, wamwache yule na maji yake. Siku moja alimkuta Vénuste amechora mashamba yote kwenye tope, kila moja na kijiti chake. Akamwita seremala auone mchoro huo, naye akatengeneza ubao wenye vigingi, ukatundikwa kwenye mlango wa kwanza. Vénuste alihamisha vigingi, na hata asiyejua kusoma aliona zamu yake inakuja lini. Ugomvi ukapungua nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyomkuta Mukandori na mswaki mdomoni.

Na hapo lilikuwa bado halijafika lile kubwa.

Kichwani mwa mfereji, juu kidogo ya mlango wa tatu, kulikuwa na nyumba ya Mzee Uwayezu na mke wake Gaudiose. Uwayezu alikuwa na mashamba makubwa kuliko wote, na pembeni mwa uwanja wake palikuwa na chemchemi ambayo haijawahi kukauka. Zamani wanawake wa upande ule wote walichota hapo. Kisha, mwaka uliopita mwezi wa pili, mtoto wa jirani alikula kwa Uwayezu mchana, akaugua jioni, siku ya tatu akafa. Muuguzi alisema malaria. Watu hawakusema kitu, na watu wasiposema kitu ndipo uogope. Hakuna aliyemtaja Uwayezu, hakuna aliyetamka neno sumu. Ila wanawake walianza kuchota kwenye chemchemi ya chini, karibu na barabara, wakisema njia ya kule ni nzuri zaidi. Si nzuri, ni ndefu na ina mawe. Lisemwalo lipo, walijiambia moyoni, na lisiposemwa je? Mukandori naye alipita na kidumu chake akaenda chini. Alikuwa na watoto watatu, na hiyo aliona ni sababu ya kutosha.

Uwayezu aliona. Mwenye macho haambiwi tazama. Alinyamaza kama wenzake walivyonyamaza.

Kila msimu, palizi ikiisha na kabla mpunga haujachanua, watu wa kichwani na wa mkiani hukaa pamoja wanywe, ili maneno ya maji yapoe. Mwaka huo Uwayezu aliomba pombe itoke kwake. Alisindika ndizi mwenyewe, akatoa mtungi mkubwa, akauweka mchana chini ya paa la ghala la ushirika, karibu na mlango wa pili. Waislamu walipewa Fanta zao upande mmoja na hakuna aliyejali, sheria yao inajulikana. Wengine wote walijua desturi. Mwenye pombe hunywa kwanza mbele ya macho ya watu, ili waone haina kitu, kisha humpa mgeni mrija uleule kwa mikono miwili. Ukipokea, umesema unamwamini. Ukikataa baada ya yeye kunywa, afadhali ungemtukana mama yake.

Uwayezu alinywa. Mukandori akapokea, akavuta tone moja la kulowesha ulimi, akajichukia kwa tone hilo. Wengine wakafuata, wengi wao kwa matone. Mzee aliona mrija unazunguka na uso wake ukafunguka, akataka kufanya jambo la heshima. Akamwita Vénuste, mlinda maji, mbele ya wote.

"Kuya, mwana wangu. Weye njo unatulishaka. Kunywa."

Vénuste aliutazama mrija, ile ncha iliyolowa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Hapana."

"Kunywa, usiogope."

"Hapana. Iko na mate," alisema Vénuste. Akageuka akaenda kwenye mlango wa pili, kwa sababu kivuli kilikuwa karibu.

Uwayezu alibaki ameushika mrija kwa mikono miwili, akawageukia watu.

"Munaona?" alisema. "Hata huyu. Hata huyu anasema miye ni mulozi."

Neno hilo la mchawi, ambalo bonde zima lilikuwa limelimeza mwaka mzima, lilitoka kinywani mwake mwenyewe. Akaacha mrija mtungini, akaenda nyumbani kwake, mlango ukafungwa. Kabla jua halijazama, watu wa kichwani walikuwa wamekubaliana kwamba hawatapokea tena maji kutoka mkono wa Vénuste. Mkutano uwe Alhamisi, ufunguo urudi kwa Damascène. Walikuwa wengi kuliko wa mkiani, na kila mtu alijua kuhesabu kura. Jioni hiyo Damascène alipita uani kwa Mukandori na salamu tamu, akauliza habari za mbuzi kwa jina.

Mukandori hakulala vizuri. Mpunga ulikuwa umebeba mimba. Siku kumi bila maji zingetosha kuwarudisha watu wa mkiani kwenye viazi vya kuomba, na yeye mwenyewe mbele yao. Asubuhi alikwenda kwa Nyiraneza, akamkuta Vénuste ameketi nje akinoa jembe.

"Alhamisi utasimama," alimwambia bila salamu, maana kwa Vénuste salamu ilikuwa kupoteza muda, "na utasema: Mzee, unisamehe."

"Nilikosa nini?"

"Ulikataa mulija yake."

"Iko na mate."

"Najua iko na mate! Siye bote tunajua iko na mate! Tunakunywaka na mate yake!"

Vénuste alimtazama begani kwa huruma, kama mtu anayesikia habari za ugonjwa wa jirani, akaendelea kunoa.

Nyiraneza alimvuta Mukandori ndani, akampa kigoda. Alikuwa mama mzee mdogo wa mwili, anayesema polepole.

"Maman Prezida, usichoke naye. Tangu mutoto hakulaka kwa sahani ya muntu. Hata yangu, miye mama yake. Kule kambini kibuyu ilikuwa inazunguka, bote banakunywa, ye anafunga midomo mpaka ulimi inavimba. Nikatoa kitenge yangu ya mwisho, nikamubadilishia kikombe, ile ya bluu unaona pale. Kisha kolera ikakuya. Chini ya hema yetu tulikuwa kumi na moja, tukabakia batatu. Siseme kikombe njo ilimuponya, ni Mungu anajua. Nasema tu, huyu hakatae bantu. Anakataa mate."

"Basi mama mukecuru, ukuye Alhamisi useme hivyo."

"Miye?" Nyiraneza alicheka bila furaha. "Miye niseme habari ya kambi mbele ya bote? Weye utabisema."

Mukandori alitoka pale kichwa kikimgonga. Aliona wazi kwamba hata akieleza, watu wataelewa neno moja tu, kichaa, na kichaa hapewi ufunguo.

Na ndivyo ilivyokwenda Alhamisi, ndani ya ghala la ushirika. Damascène alivaa shati jeupe. Uwayezu alikaa mbele, kofia magotini, hakumtazama mtu. Mukandori alianza kwa upole, akataja msimu uliokauka, akataja matundu ya kaa, akataja ubao wa vigingi. Watu wa kichwani wakamjibu kwamba maji si kesi, kesi ni heshima. Akaeleza habari ya kikombe bila kutaja kambi. Mtu mmoja akacheka, "Hata mate ya mama yake? Basi iko kichaa, tuache kuficha." Upole ukamwisha Mukandori.

"Kichaa!" alisema. "Huyu kichaa alipata matundu matatu, na nyinyi benye akili munatembea juu yake musimu muzima! Damascène alimujua kila muntu kwa jina, na mupunga yangu ikakufa. Huyu hajue hata jina ya mutoto yangu, na maji inafika. Munataka nini, maji ao salamu?"

"Tunataka asimuite Mzee mulozi," alijibu yule aliyecheka, na watu wakanung'unika kukubali.

Hapo Mukandori alichoka kabisa. Alikuwa ameapa hatamsemesha Vénuste mbele ya watu, maana kila alipofungua mdomo palikuwa na moto mpya wa kuzima. Lakini maneno yake mwenyewe yalikuwa yamekwisha. Vénuste alikuwa amesimama mlangoni, nusu mgongo, jicho kwenye kijiti cha mlango wa pili.

"Vénuste, sikia. Mzee anasema weye ulimuita mulozi."

Vénuste alifikiri. Alifikiri muda mrefu hata watu wakaanza kukohoa.

"Mulozi anawekaka sumu kwa maji?"

"Banasema hivyo."

"Basi haiko mulozi."

"Unajua je?" aliuliza Mukandori.

"Nakunywaka maji yake. Kila siku, saa ya sita, kwa chemchemi yake, na kikombe yangu. Kutoka mulango ya tatu ni hatua makumi ine. Ile ya chini ni hatua mia ine na kumi." Watu wakadhani amemaliza. "Zamani balikuwa benyi pale, banapiga kelele. Tangu mwaka jana mwezi ya tatu hakuna muntu. Niko peke yangu. Ni muzuri."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mwanamke mmoja wa nyuma aliinamisha kichwa akajifanya anamfunga mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa amefungwa vizuri. Mwaka mzima na miezi, na katika bonde lote la watu wanaosalimiana kwa mikono miwili, wanaoulizana habari za wazazi na za ng'ombe, ni mtu mmoja tu aliyekunywa maji ya Uwayezu, yule asiyejibu salamu.

Uwayezu aliinua kichwa. "Ile njia," alisema. "Ile njia ya chemchemi. Majani ilikuwa inakatwa. Ni weye?"

"Inashikaka miguu," alisema Vénuste.

"Saa ya sita siye tuko shambani. Miye nilizani ni bibi yangu anakata. Naye alizani ni miye. Hatukuulizana." Mzee alivaa kofia, akaivua tena. "Hatukutaka kuulizana."

Damascène alianza kusema jambo, kwamba pamoja na hayo yote ufunguo ni kitu cha watu na unahitaji mtu wa watu. Kabla hajafika mwisho wa sentensi Vénuste aliondoka mlangoni.

"Kivuli imefika," alisema, akashuka kwenye mfereji. Ulikuwa mlango wa pili, na maji yaliyokuwa yanapita hapo yalikwenda kwenye shamba la Uwayezu. Watu walisikia ubao unashuka na kufuli inapigwa. Wote wakamgeukia Mzee kuona atafanya nini.

"Mumuache," alisema Uwayezu. "Zamu yangu imeisha." Kisha akamwambia Damascène, bila ukali, aketi chini.

Kura haikupigwa. Watu walitoka mmoja mmoja, wakiongea habari za mvua. Mukandori alipaswa kufurahi, maji ya mkiani yalikuwa yamepona, lakini alikwenda nyumbani amekasirika kuliko alivyokuja, na safari hii hakuwa na mtu wa kumkasirikia ila mmoja.

Asubuhi iliyofuata watu wawili walikuwa uani kwake, Vénuste amewafungia. Aliwaambia wangoje. Alichukua kidumu, akafika penye njia panda ambapo kwa mwaka mzima alikuwa anakata kushoto kwenda chini. Akakata kulia. Njia ilikuwa safi, majani yamekatwa pande zote mbili, nyembamba ya kutosha mguu wa mtu mmoja.

Gaudiose, mke wa Uwayezu, alikuwa anafagia uwanja. Alimwona Mukandori na kidumu, ufagio ukasimama. Kisha mama yule akasema salamu ambayo hakuwa na mtu wa kumpa hapo kwa mwaka mzima na zaidi:

"Karibu kwa maji, Maman. Umeamuka je?"

Mukandori alifungua kinywa ajibu, na neno likakataa kutoka. Akainama, akajaza kidumu chake kimya, kama Vénuste.